Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kenya kuhusu mchango wa bima kwa wasio na mshahara

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu jambo moja tu katika mpango wa bima ulioanza Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya hospitali ya awali, nalo ni namna mtu asiye na mshahara anavyotakiwa kuchangia. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi kabla hajaushika mkononi. Asiye na mwajiri hupimwa uwezo kwa maswali, kisha hudaiwa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600.

Mchukue mama auzaye mahamri na mbaazi kule Kisauni. Unga, mafuta na nazi hununua kwa mauzo ya jana, na kinachobaki baada ya nauli na chakula cha watoto ndicho mtaji wa kesho. Shilingi 10 kwa siku anaweza kuzitoa, na hizo ndizo 300 za mwezi. Lakini akitoa 3,600 siku moja, kesho yake hakuna kinachoingia karaini. Maswali yenyewe humtaka aeleze paa, sakafu, choo na anachopikia. Bati na saruji za nyumba ya kupanga ni mali ya mwenye nyumba, wala hazisemi lolote kuhusu mfuko wa mpangaji.

Najua upo mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa kulipa mchango huo kidogo kidogo. Huo, hata hivyo, ni mkopo, na sioni busara ya kumwingiza kwenye deni mtu ambaye bima ilikusudiwa kumwepusha na madeni ya hospitali.

Wenzetu wamelipitia hili. Thailand iliwahi kuwauzia wananchi wasioajiriwa kadi ya afya ya hiari, na kama ilivyo kwa kila bima ya hiari, wanaougua ndio waliokuwa na haja kubwa ya kuinunua. Mwaka 2002 serikali ikaachana na njia hiyo, ikawagharamia watu hao kutokana na kodi, mgonjwa akitoa baht 30 tu kila anapotibiwa. Ghana nayo, kwa sheria ya 2003, iliweka tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma, na tozo hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mfuko wao wa bima, ingawa michango bado ipo.

Utanijibu kwamba Hazina imebanwa, hasa tangu Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025 na kuziacha huduma za Ukimwi kwenye mashaka. Ni kweli. Lakini ahadi waliyoitoa viongozi wa Afrika huko Abuja mwaka 2001, ya kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, hatujaitimiza hata katika miaka ambayo misaada ilikuwa ikimiminika, na zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wetu wako katika jua kali. Bima inayowategemea hao walipe kwa mkupuo itabaki kuwa bima ya wenye mishahara.

Naomba basi kabla ya bajeti ijayo mchango upokewe kwa siku au kwa wiki bila mkopo wowote, wasiojiweza walipiwe na Serikali, na kanuni inayokadiria uwezo wa mtu ichapishwe kwa Kiswahili ili anayekadiriwa aweze kuihoji.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Mombasa