Wembe wa babu usipelekwe kwenye grainda

Mhariri,

Kuna nyembe za kukunja zilizolala masandukuni tangu enzi za mababu, na siku hizi vijana wanazitoa, wanazikimbiza kwa fundi wa jua kali hapa Kibuye, Kisumu, zing'arishwe kwa grainda. Simlaumu fundi. Tatizo ni kwamba ubapa wa wembe ni mwembamba mno, hasa karibu na makali, na hupata moto kufumba na kufumbua. Chuma kikishageuka rangi ya nyasi kavu, kisha buluu, ugumu umekwenda. Utanoa hadi jioni na makali hayatakaa.

Weusi si kutu ya kuogopwa. Rangi ya kijivu au nyeusi iliyoshikamana na chuma ndiyo uzee wenyewe, nayo hukikinga kidogo. Adui ni ule wekundu unaobaki kidoleni kama unga. Upake mafuta ya cherehani, uache usiku kucha, kisha usugue taratibu kwa sufu ya chuma namba 0000, kutoka mgongoni kwenda kwenye makali. Panapogoma, tumia kipande cha msasa wa maji namba 2000 chenye mafuta, palepale tu. Siki na limau usiziguse: hula weusi wote, na chuma kinachobaki uchi hushika kutu upya upesi. Wembe wenye maua ya dhahabu usitiwe hata dawa ya kung'arishia shaba. Dhahabu ile ni utando tu.

Kwenye shina, yaani pale ubapa unapoungana na mpini, pana chapa, mara nyingi ya mji wa Sheffield (Uingereza) au Solingen (Ujerumani). Isiguswe na msasa. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa zinazoingizwa huko ziandikwe nchi zilikotoka, kwa hiyo neno "England" au "Germany" humsaidia mtu kukisia umri.

Mpini wa pembe uliokauka upakwe mafuta siku mbili tatu. Msumari wake using'olewe. Mpini wa seluloidi, ile plastiki ya zamani, ukianza kunuka na kufanya nyufa, huo unatoa mvuke wa asidi unaokula wembe. Utengwe, tena mbali na moto, maana huwaka vibaya.

Kwenye jiwe la kunolea, mgongo na makali vilale pamoja, makali yakitangulia. Bandika utepe wa umeme tabaka moja mgongoni, usije ukaukwangua ule weusi. Jiwe la namba 1000, lenye chembe nene, ni la makali yaliyopigika. Yaliyo mazima yaanzie 4000, yamalizie 8000. Kwenye mkanda wa ngozi geuza: mgongo utangulie, mara 50 hivi. Wengi hukosea hapa, wakaukata mkanda.

Na kwa unyevu huu wa ziwani, usiurudishe wembe kwenye ala ya ngozi. Ngozi hushika maji. Ufute, upake mafuta, uuzungushie kitambaa kikavu cha pamba.

Mnoa visu,
Kisumu