Ifunue Hiyo Baiskeli

Ndugu yangu Salim,

Hujambo na baridi? Barua yako nimeisoma mara mbili kwa kutoamini macho yangu: eti baiskeli umeifunika turubai mpaka majira ya joto yarudi, na darubini iko kabatini kwa sababu ndege wote wamehama. Bwana wee, ifunue. Waliohama ni akina mbayuwayu na wenzao wanaokula wadudu warukao. Hao saa hizi wako Afrika, kusini ya Sahara, wanapunga upepo. Lakini wengi hawakubanduka, na juu yao wamekuja wageni kutoka kaskazini zaidi, ambao kwao hayo mashamba yako yenye theluji ndiyo nchi ya joto.

Tena nikwambie neno ambalo wapenda jua hawalikubali: kwa mtu anayejifunza kutazama ndege, msimu huu ni mwalimu mpole kuliko kiangazi. Majani yamepukutika. Yule kigogota uliyekuwa ukimsikia akigonga bila kumwona, sasa yuko wazi kwenye shina, mtazame mpaka uchoke. Mabwawa nayo yakiganda, bata hawana pa kwenda ila pale maji yanapokimbia, chini ya lambo au kwenye mkondo wa mto wenye kasi. Ndege waliokuwa wametawanyika ziwa zima unawakuta wamebanana mahali padogo, na madume wamekwisha vaa manyoya yao ya kuchumbia. Wala si mimi peke yangu ninayeona hivyo. Ile hesabu kubwa ya ndege inayofanywa Marekani na kwingineko kila mwaka, kuanzia Desemba 14 hadi Januari 5, ilianzishwa na Frank Chapman, mtaalamu wa ndege wa Marekani, mwaka 1900, baridi ikiwa imeshika, iwe badala ya mashindano ya sikukuu ambapo watu walitoka kuwapiga ndege risasi. Mwaka ule wa kwanza walijitokeza watu 27. Leo ni maelfu kwa maelfu, na wamo wanaozunguka kwa baiskeli.

Umeuliza kwa nini nisikushauri utumie gari, maana lina joto. Lina joto kwa kuwa vioo vimefungwa, na vioo vikifungwa wewe ni kiziwi. Msimu huu masikio ndiyo yanayofanya kazi kubwa. Ndege wadogo wa misituni sasa hutembea kwa makundi ya mchanganyiko, aina hii na ile pamoja, kwa sababu macho mengi humwona kipanga mapema. Utaendesha kitambo kirefu bila kuona hata unyoya, ukidhani msitu umekufa, mara usikie vijisauti vyembamba juu ya matawi, sii, sii, sii. Simama hapo hapo. Usiwafuate. Kundi lina njia yake, na ukitulia huenda likapita juu ya kichwa chako, huyu akining'inia miguu juu, yule akipanda shina kwa kulizunguka, mwingine akishuka kichwa chini. Kwa miguu ungewaona pia, lakini mchana ni mfupi, na kutoka msituni hadi mtoni ni mbali. Baiskeli inakupa vyote viwili kabla ya giza.

Ila fahamu kwamba ndege humvumilia mwendesha baiskeli anayepita, wala hamvumilii anayefunga breki ghafla mbele yake. Ukiona kitu kando ya njia, pitiliza kidogo, simama taratibu, ndipo ugeuke.

Sasa baridi yenyewe. Kuendesha si tatizo. Tatizo ni kusimama. Ukikanyaga pedali unatoka jasho, ukisimama kutazama, jasho lile lile linakugandisha mgongo. Mchezo wote uko hapo. Toka nyumbani ukiwa unasikia baridi kidogo, endesha polepole kuliko unavyotaka, na koti nene lifunge kwenye keria. Livae kabla hujashika darubini, si baada ya meno kuanza kugongana. Fulana ya ndani iwe ya sufu, kwani pamba ikilowa haikusaidii kitu. Safari ianze kwa kuukabili upepo, ili wakati wa kurudi, nguo zikiwa na unyevu, uwe nao mgongoni. Nyuzi 10 chini ya sifuri zikichanganyika na upepo wa kilomita 20 kwa saa, ngozi huona kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Na kumbuka mwendo wako mwenyewe ni upepo hata siku iliyotulia. Mikononi vaa glavu nyembamba ndani ya zile nene zisizogawa vidole, uvue za juu tu unapoirekebisha darubini. Skafu ukiipandisha hadi puani pumzi itakwenda juu na kuziba vioo kwa ukungu, kwa hiyo ishushe kabla ya kutazama. Na ukirudi nyumbani iache darubini mkobani mpaka ipate joto la chumba, la sivyo italowa chapachapa.

Ya baiskeli unayajua, nisikuchoshe. Punguza upepo wa tairi kidogo kwenye theluji. Penye barafu tupu, tairi zenye misumari midogo, au shuka usukume. Chumvi ya barabarani inakula mnyororo: futa, tia mafuta, kila ukirudi. Chupa ya maji igeuze kichwa chini, barafu huanzia juu na mdomo utabaki wazi.

Bata aliyesimama pekupeku juu ya barafu usimhurumie. Damu ya moto inayoshuka miguuni hupita ubavuni mwa ile baridi inayopanda na kuipasha, hivyo miguu inabaki baridi na joto halimtoki mwilini. Wa kuhurumiwa ni wale wadogo. Katika misonobari yuko mmoja mwenye utepe wa dhahabu utosini, uzito wake gramu 5 au 6 tu. Usiku hulala amebanana na wenzake, na mchana wote ni wa kutafuta riziki ya kumvusha hadi asubuhi. Ukimwinua mara kwa mara kwa ajili ya picha, unamla nguvu zake. Bundi aliyelala vilevile: mtazame kwa mbali, kisha shika njia yako. Nimewaona watu wenye kamera ndefu wamemzingira bundi mmoja kama wanamdai, na sikuwapenda.

Anza na mto, siku isiyo na upepo, saa za katikati ya mchana. Ukishakwenda niandikie umeona nini, na safari hii nitajie rangi ya mdomo, rangi ya miguu, na kama alikuwa majini au mtini, maana "ndege mdogo wa kahawia" wa barua iliyopita bado ananisumbua kichwa.

Wasalimie wote nyumbani.

Ndugu yako,
Juma