Anayetuma maua Mwanza aongee na muuza maua wa Mwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie zawadi ya maua mabichi, ambayo siku hizi inaagizwa na kupelekwa majumbani hapa Mwanza kwa wingi kuliko nilivyowahi kuona. Tulizoea kuliona shada la maua kanisani, harusini na makaburini. Sasa kijana aliyeko Dar es Salaam anamtumia mama yake maua Nyakato siku ya kuzaliwa, mume aliye safarini anamtumia mkewe aliyejifungua, na watoto wanaoishi Uingereza au Marekani wanawatumia wazazi wao Isamilo siku ya kumbukumbu ya ndoa. Ni desturi njema na ninatamani ikomae. Ninachoomba ni kwamba mtu anayetaka kumtumia maua mkazi wa Mwanza aongee moja kwa moja na muuza maua wa Mwanza, na muuza maua huyo naye ayatunze kama bidhaa inayoharibika haraka.

Utaratibu wa kutuma maua mbali ulianza kwa busara. Mwaka 1910 wauza maua wa Marekani walianzisha umoja wa kupokezana maagizo kwa telegramu. Mteja alilipa katika duka la mji wake, mwenye duka akapeleka telegramu kwa mwenzake wa mji anakoishi mpokeaji, na mwenzake huyo akafunga shada kwa maua aliyokuwa nayo na kulifikisha mlangoni. Kilichosafiri kilikuwa agizo tu, na ua lilitoka pale pale, mikononi mwa mtu aliyeliona na kulishika asubuhi ile.

Tulichonacho leo kinafanana na utaratibu huo kwa juu juu. Mtumaji anafungua tovuti, anaona picha ya mawaridi mekundu 24, analipa kwa kadi na kuandika jina la mpokeaji. Mwenye tovuti mara nyingi hana duka Mwanza wala hajui leo Mwanza kuna maua gani. Anakata fungu lake, kisha anatafuta mtu wa huku wa kumalizia kazi kwa fedha iliyobaki, na huyo wa huku anafunga alichonacho. Mpokeaji anafungua mlango, anakabidhiwa kitu kisichofanana na picha ambayo hata hivyo hakuiona, na kwa malezi yetu hawezi kulalamikia zawadi. Anapiga simu anasema, "Asante mwanangu, maua yamefika." Mtumaji anaamini kwamba mambo yamekwenda vizuri, mwenye tovuti anahesabu mteja aliyeridhika, na biashara inaendelea vile vile.

Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa shada la namna hiyo kutoka kwa binti yangu anayeishi ng'ambo. Mawaridi yalikuwa yamebanwa kwa mpira mmoja hata maganda ya vikonyo yakachubuka, majani ya chini yameachwa ndani ya mfuko wa maji yaliyokwisha kuwa meusi na kunuka, na mengi yalikuwa yameinamisha vichwa kabla hata ya kuchanua. Nimekuwa miongoni mwa akina mama wanaopamba altare ya parokia yetu kwa miaka mingi, kwa hiyo nilielewa kilichotokea. Ua likikatwa na kuachwa bila maji, hewa huingia katika mishipa ya kikonyo na kuzuia maji kupanda. Bakteria wanaozaliana katika maji machafu huiziba mishipa hiyo zaidi. Na shingo, iliyo laini kuliko sehemu nyingine ya kikonyo, ndiyo inayolegea kwanza. Waridi la namna hiyo halijazeeka, lina kiu. Niliondoa majani ya chini, nikakata upya vikonyo ndani ya maji kwa mshazari, kama sentimita 3 kutoka mwisho, nikayaviringisha katika gazeti ili yasimame wima, kisha nikayazamisha karibu hadi vichwani katika ndoo ya maji ya uvuguvugu. Baada ya saa mbili baadhi yaliinuka. Lakini zawadi haipaswi kumfikia mtu ikiwa mgonjwa anayehitaji kuuguzwa, na mpokeaji asiyejua kazi hii angeyatupa siku ile ile.

Ni vyema msomaji ajue maua haya yanatoka wapi. Mashamba makubwa ya mawaridi ya nchi yetu yako Arusha na Kilimanjaro, kwenye miinuko yenye usiku wa baridi, na yalianzishwa kwa ajili ya soko la Ulaya. Sisi wa kando ya ziwa tukiyataka tunayasubiri yapite Singida na Shinyanga ndani ya buti la basi, pembeni ya mizigo ya kila aina. Joto la buti ni adui wa kwanza. Adui wa pili haonekani, nao ni matunda. Ndizi, embe na parachichi zinapoiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo huzeesha maua haraka. Karnesheni zikikaa nayo usiku mmoja hukunja petali zake na hazifunguki tena. Boksi la maua lililosafiri juu ya tenga la ndizi mbivu linaweza kufika stendi ya Nyegezi likiwa na sura nzuri kabisa, na kesho yake asubuhi petali zikawa mezani. Muuzaji anayepokea mzigo wake stendi anapaswa kuuliza ulipangwa na nini, na nina hakika wengi hawaulizi.

Nasema haya nikijua kwamba mji huu hauna kisingizio. Mwanza ina viwanda vinavyochakata minofu ya sangara na kuisafirisha hadi Ulaya katika baridi isiyokatika, na mchuuzi yeyote wa Kirumba Mwaloni atakueleza kwamba samaki aliyekosa barafu tangu ziwani hawezi kuokolewa na barafu ya sokoni. Maua yanataka nidhamu ile ile. Waridi linahifadhiwa vizuri kwenye nyuzi joto 2 hadi 4, na friji ya kawaida ya dukani inaweza kufikia kiwango hicho, mradi isiwekwe matunda humo. Maua ya nchi za joto, kama helikonia na anturiamu, yana tabia tofauti: baridi ya namna hiyo huyaunguza yakawa meusi, na hukaa salama zaidi kwenye kivuli, katika ndoo ya maji safi, bila friji kabisa.

Hapo ndipo ninapoona nafasi ambayo bado hatujaitumia. Kwa nini shada la Mwanza liwe lazima mawaridi mekundu? Alizeti inastawi katika joto letu, zinia inachanua kwa wingi katika bustani za majumbani, helikonia ikikatwa hudumu wiki moja na zaidi, na mafunjo ya ufukweni, yenye vichwa vyake kama nywele za kijani, yanapendeza katika shada kuliko majani mengi yanayoletwa kutoka mbali. Nimeyatumia altareni na yamesifiwa na watu waliozaliwa ufukweni ambao hawakuwahi kuyatazama kama pambo. Si kila kinachopendeza kinafaa: bogenvilia ya ukutani hunyauka upesi ikikatwa, na ua la zambarau la magugumaji halidumu, tena mmea huo umelitesa ziwa letu kiasi kwamba hakuna anayepaswa kuubeba kuupeleka popote. Lakini ua lililokatwa alfajiri Buhongwa au Igoma na kufika Nyamanoro kabla ya saa nne lina uhai ambao waridi lililokaa safarini usiku kucha haliwezi kuwa nao. Mtumaji aliye mbali hawezi kujua haya mpaka aongee na mtu wa hapa.

Na kuongea siku hizi hakuna ugumu. Aliye Dar es Salaam ana simu, na aliye ng'ambo anaweza kutuma fedha zikaingia moja kwa moja kwenye simu ya muuzaji wa Mwanza. Amuulize leo ana maua gani, yamekatwa au yamefika lini, na yasipopatikana aliyoyataka atapewa yapi badala yake. Aombe picha ya maua yakiwa kwenye ndoo kabla hajalipa, na picha ya shada kabla halijatoka dukani. Muuzaji mwaminifu hataona usumbufu kuulizwa. Zaidi ya hapo, fedha ambayo ingebaki kwa mtu wa kati itaongeza maua katika shada, au nauli ya chombo kinachofaa.

Suala la chombo linanigusa sana, kwa kuwa kazi yote njema ya dukani huharibika katika dakika 20 za mwisho. Nimeona shada likining'inizwa kichwa chini kwenye usukani wa bodaboda mchana wa saa saba, upepo ukilipiga kutoka mjini hadi Mkolani. Siwalaumu vijana wa bodaboda, maana hakuna aliyewaeleza, na wanalipwa sawa na mtu aliyebeba chipsi. Shada linapaswa kusimama wima ndani ya boksi au ndoo yenye maji kidogo, lifunikwe kwa karatasi laini, na lipelekwe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Likiwa kubwa, bajaji ni bora kuliko pikipiki. Dereva awe na namba ya simu ya mpokeaji au ya jirani yake. Ni kweli tangu mwaka 2022 nyumba nyingi zimewekewa namba za anwani za makazi, lakini mwenye kuijua milima yetu anajua kwamba nyumba za Mabatini au Igogo zilizopanda juu ya mawe hufikiwa kwa miguu, na dereva asiyeelekezwa atazunguka na maua juani hadi yachoke. Ikiwa zawadi ni ya kumshtukiza mtu, basi aambiwe mtu mwingine wa nyumbani.

Kwa walio nje ya jiji, muuzaji aseme ukweli kuhusu umbali. Sengerema imekuwa karibu tangu Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, na maua yanaweza kuvuka bila kusubiri kivuko juani. Nansio, Ukerewe, bado ni safari ya majini ya saa kadhaa, na huko ningemshauri mtumaji achague mche wa ua ndani ya chungu kuliko maua yaliyokatwa.

Vilevile wagonjwa wanahitaji uangalifu wa pekee. Wodi za uangalizi maalumu kwa kawaida hazipokei maua, na hata katika wodi nyingine harufu kali ya yungiyungi inaweza kumsumbua mgonjwa wa kitanda cha pili. Kabla ya kupeleka shada Bugando au Sekou Toure, ndugu anayemuuguza mgonjwa amuulize muuguzi wa zamu. Jibu likiwa hapana, maua yapelekwe nyumbani siku ya kuruhusiwa, atakapopata nafasi ya kuyafurahia.

Ningependa pia kila shada litoke dukani na kikaratasi cha maelezo kwa Kiswahili, kwa kuwa wapokeaji wengi hawajawahi kutunza maua yaliyokatwa na huyaweka juu ya televisheni au karibu na bakuli la matunda. Maelezo hayahitaji kuwa marefu: kata vikonyo upya, ondoa majani yanayogusa maji, weka mahali pasipo na jua wala matunda, badilisha maji kila baada ya siku mbili. Kwa anayetaka kuongeza lishe, lita moja ya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha sukari, vijiko viwili vya chai vya maji ya limao na matone machache ya jiki inatosha. Sukari hulilisha ua, limao husaidia maji kupanda, na jiki huzuia bakteria. Waridi lililotunzwa hivyo linaweza kumaliza wiki moja likiwa na sura nzuri.

Msimu wa mahafali ya vyuo uko Novemba na Desemba, na baada yake inakuja tarehe 14 Februari, ambapo mawaridi bora hukimbilia masoko ya nje na yanayobaki hupanda bei. Nawasihi wauza maua wa Mwanza waanze sasa kuzungumza na watu wenye bustani Buhongwa, Igoma na Ilemela, wawaambie wanataka maua gani na kwa wiki gani, kwa maana alizeti huchukua takriban miezi miwili hadi mitatu tangu kupandwa hadi kuchanua. Wale wenye kurasa za mtandaoni waweke kila asubuhi picha ya maua yaliyopo siku hiyo, pamoja na saa ya mwisho ya kupokea maagizo.

Kwa wazazi wenzangu nina ombi moja. Mtoto akikutumia maua na yakafika yamenyauka, yapige picha umtumie siku hiyo hiyo, na umwambie wazi yalivyo, ili amrudie aliyemuuzia kabla jioni haijaingia. Kufanya hivyo hakumvunjii heshima. Ametumia fedha yake kwa ajili yako, na ana haki ya kujua ulichopokea.

Wako,
Msomaji,
Nyegezi, Mwanza