Risala ya Klabu ya Maliasili kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Misitu

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na wageni waalikwa,
Wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima, sisi wanachama wa Klabu ya Maliasili tunakukaribisha katika maadhimisho haya. Tunafahamu kuwa ofisi yako ndiyo inayopanga nani avune miti wapi, na akimaliza aache nini. Kwa hiyo tulipoambiwa kuwa ni wewe unayekuja, tuliiweka kando risala ya upandaji miti tuliyokuwa tumekwisha kuiandika. Hiyo umeisikia mara nyingi. Leo tunaomba tuzungumzie kile kinachobaki chini baada ya gogo la mwisho kupakiwa kwenye lori.

Watu wengi hukiita takataka: matawi, vilele, magome, visiki, na magogo yaliyooza ndani ambayo kiwandani hayatakiwi. Hata sisi, mwaka jana tulipotembelea eneo lililovunwa, tuliandika kwenye daftari la klabu kwamba "eneo ni chafu sana". Kisha mwenzetu mmoja akaketi juu ya gogo afunge kamba ya kiatu, gogo likabiringika, na chini yake tukaona kiota. Kilikuwa bonge la nyasi kavu zilizotafunwa zikawa laini kama pamba, ukubwa wa ngumi, na bado lina joto. Mwenyewe alikuwa ameshakimbia. Kutoka hapo ilianza njia nyembamba ya upana wa vidole viwili, imekanyagwa mpaka udongo unang'aa, ikapita chini ya matawi na kuishia kwenye rundo jingine. Mwalimu alituamuru turudishe gogo taratibu mahali pake. Tulirudi shuleni na maswali mengi, na risala hii imetokana nayo.

Ndugu Mgeni Rasmi, mnyama mwenye uzito wa gramu ishirini hupoteza joto na maji ya mwili haraka mno. Kirukanjia ndiye mwenye taabu zaidi: akikosa chakula kwa saa chache tu anaweza kufa, hivyo huwinda wadudu usiku na mchana. Msitu ukikatwa wote, jua hupiga udongo moja kwa moja, usiku baridi hushuka bila kizuizi, na bundi huona kila kinachotembea. Chini ya gogo kubwa mambo ni tofauti. Pana unyevu, joto halipandi wala kushuka kwa ghafla, na wadudu wapo tele. Kwa mnyama huyo, mita hamsini za ardhi tupu ni safari ambayo huenda asifike mwisho wake.

Katika kusoma tulikutana na kazi ya watafiti wawili, Thomas Sullivan na Druscilla Sullivan, waliofuatilia jambo hili kwa miaka mingi katika jimbo la British Columbia, Kanada. Huko yupo panya mdogo wa msituni mwenye mgongo mwekundu, ambaye msitu ukifyekwa wote kwa kawaida hutoweka katika muda mfupi. Walichokigundua ni kwamba mabaki yakitawanywa tu juu ya ardhi hayamsaidii sana. Yakikusanywa kuwa marundo au matuta marefu, panya huyo huendelea kuishi humo, pengine kwa wingi unaokaribia ule wa msitu usioguswa. Vicheche nao hufuata, maana mwili wao mwembamba umeumbwa kwa kupenya kwenye vijia hivyohivyo. Matawi ni yaleyale na gharama ya kuyapanga si kubwa, kwa kuwa mara nyingi mashine hukusanya mabaki hata hivyo. Kinachofuata baada ya kukusanywa ni kiberiti, na hapo ndipo tunapoumia.

Pengine utajiuliza panya ana faida gani. Swali hilo tuliulizwa hata nyumbani, tena kwa kicheko. Panya huyo wa mgongo mwekundu hula kwa wingi uyoga unaoota chini ya udongo, ule usiotoa kofia juu. Kwa kuwa uyoga huo hauoni upepo, hauna njia nyingine nzuri ya kusambaza vijimbegu vyake isipokuwa kuliwa. Vijimbegu hupita tumboni bila kusagika na kuachwa kwenye kinyesi, mahali pengine. Vikiota, kuvu ya uyoga huo huishikilia mizizi ya miche na kuisaidia kufyonza maji na fosforasi, nao mche huilipa kuvu kwa sukari. Basi anayetoka msituni usiku, akapita chini ya tuta la matawi na kujisaidia katikati ya eneo lililovunwa, anapeleka mbolea na mbegu kwa safari moja, wala haombi posho.

Mlima wa volkano wa St. Helens, Marekani, ulipolipuka tarehe 18 Mei 1980, wataalamu walitarajia kukuta majivu matupu. Walikuta wanyama wachimbaji wanaofanana na fuko, walionusurika kwa sababu walikuwa mashimoni. Katika kuchimba walipandisha juu udongo wa zamani pamoja na kuvu zake, na mimea ikaanza kushika hapo. Mwanaikolojia Jerry Franklin na wenzake walijifunza huko uzito wa vile vinavyosalia baada ya janga: magogo, visiki, miti iliyosimama. Fikra hiyo ikaingia katika uvunaji. Mpango wa misitu wa kaskazini-magharibi mwa Marekani wa mwaka 1994 ulitaka sehemu nyingi zinazovunwa zibakize angalau asilimia 15 ya eneo na miti yake.

Hapo tunafika kwenye miti inayobakizwa. Kumbe namna ya kuibakiza nayo ni hoja. Miti michache iliyotawanyika, mmoja hapa na mwingine kule, hupendeza ukiwa barabarani, lakini kwa mnyama anayetembea chini haibadilishi sana hali ya ardhi, na upepo huiangusha kwa urahisi. (Ingawa ikianguka na kuachwa palepale, inakuwa gogo, kwa hiyo si hasara yote.) Miti ikibakizwa kwa vikundi, kivuli, majani makavu na uyoga hubaki navyo, na kikundi kinakuwa kisiwa ambamo wanyama hutokea upya msitu unapokua. Na mti mzee wenye pango ndio wa kulindwa kwanza. Huko Victoria, Australia, yupo mnyama mdogo wa usiku aitwaye posamu wa Leadbeater, ambaye hulala na kuzaa kwenye mapango ya mikalitusi mikubwa sana. Pango la namna hiyo huchukua zaidi ya miaka mia moja kutokea. Hakuna mche tutakaoupanda leo ambao sisi tutauona una pango.

Hatukuja kusema kila tawi liachwe. Mabaki makavu yaliyolundikana kila mahali ni kuni za moto wa msitu, na wanaoishi jirani na msitu wanalijua hilo kuliko sisi. Wapo pia panya wanaoguguna magome ya miche. Kule kwenye msitu wa Kibale, Uganda, katika sehemu zilizovunwa sana, panya waliongezeka na ikawa kikwazo kwa mbegu na miche ya asili. Ndiyo maana tunaona vicheche na bundi lazima nao wapate mahali, na kwamba marundo yaachwe kwa mpango na yatengane, yasitandazwe ovyo.

Ombi letu, Ndugu Mgeni Rasmi, ni kwamba katika kibali kijacho cha uvunaji iandikwe kuwa sehemu ya mabaki isichomwe. Ipangwe matuta yanayoanzia kwenye msitu uliosimama na kuishia kwenye vikundi vya miti iliyobakizwa, ili mnyama apite bila kukanyaga uwazi. Magogo makubwa yawekwe chini, matawi juu. Mabaki yaliyo karibu na barabara na makazi yaondolewe kama kawaida. Ukituruhusu, klabu itasimamia matuta mawili tu ya majaribio: tutaweka sinia za majivu kwenye vijia, tuchore nyayo kila asubuhi ya Jumamosi, na kukuletea daftari kila mwisho wa muhula.

Tumekuandalia viatu vya mpira. Baada ya ratiba hii tutakupeleka kwenye lile gogo, na tunakuomba radhi mapema kwamba hatutalibiringisha tena, hata kwa ajili yako. Njia ya vidole viwili utaiona ukiinama.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Maliasili