Risala ya Chama cha Sayansi kwa Mgeni wa Heshima

Mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo?

Mheshimiwa, karibu sana shuleni kwetu. Tunajua msongamano wa Nairobi asubuhi, na umefika kabla ya saa uliyoahidi. Tumefurahi mno.

Mezani petu utaona jani la nduma tulilochuma ukingoni mwa kijito. Ukilimwagia maji, yanabingirika kama shanga, nalo linabaki kavu. Ndilo lililotufanya tuulize: mvuke ukigusa kitu kinachokataa maji, joto lake hupita vipi?

Kilo moja ya mvuke wa nyuzi 100 ikigeuka maji huachilia kilojuli 2,257 hivi. Viwanda vya chai hutumia joto hilo kukaushia majani. Lakini kwenye shaba safi maji hayo hutanda kama blanketi, na maji hupitisha joto kwa shida. Shaba huyashinda kwa takriban mara mia sita. Mwaka 1930, Ernst Schmidt na wenzake nchini Ujerumani walionyesha kwamba maji yakikaa matone matone badala ya kutanda, joto hupita kwa kasi mara kadhaa zaidi.

Nasi tulichukua mabomba mawili ya shaba, tukapitisha maji baridi ndani na mvuke wa sufuria nje. Bomba moja tulilipaka nta. Mara ya kwanza tuliipaka nene, tukafeli, kwa sababu nta yenyewe ilizuia joto. Tukaisugua hadi ikabaki nyembamba isiyoonekana. Hapo, Mheshimiwa, tulisahau hata chakula cha mchana! Matone yalizaliwa, yakanenepa, yakaungana, kisha moja likateleza likizoa yote yaliyo njiani, na nyuma yake shaba ikabaki wazi kupokea mvuke mpya. Maji yaliyotoka katika bomba hilo yalikuwa na joto zaidi.

Baada ya siku chache nta ilibanduka, blanketi likarudi. Tatizo hilo linawasumbua hata wahandisi: tabaka jembamba halidumu, na likiwa nene huziba joto.

Jani la nduma nalo lilitushangaza. Linaloshinda mvua lilishindwa na mvuke. Mvuke hupenya katikati ya vinundu vyake vidogo mno, ukageuka maji humo humo, na matone yakang'ang'ania.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, vipimajoto vinne vya kidijitali, kwa kuwa tunacho kimoja tu na tunakihamisha kutoka bomba hadi bomba. Pili, utufungulie mlango wa kiwanda cha chai huko Kiambu tukaone mabomba ya mvuke yakiwa kazini.

Sufuria imeshabandikwa maabara. Hapa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo hutangoja sana. Karibu ujionee matone.

Ni sisi, wanachama wa Chama cha Sayansi.