Kwa nini hatufungi dungu bila kamba ya kutoka chini

Lalamiko ni lile lile kila msimu, ila mara hii limekuja kwa ukali. Mteja wetu wa upande wa Muheza amewaambia watu kwamba karakana yetu inauza dungu, lile jukwaa la mtini la kuwindia au kulindia shamba, halafu inambana mtu anunue kamba asiyoihitaji. Alikuja na hesabu ya dungu na ngazi, akaondoka na hesabu iliyoongezeka Sh 240,000, na moyoni anaona ameibiwa. Tumempigia simu, tumezungumza naye kwa heshima, tukamwambia tutaandika ili na wengine wanaonung'unika pembeni wasome.

Hizo fedha zimegawanyika hivi: mkanda wa mwili mzima Sh 150,000, kamba ya nailoni ya milimita 11, mita 12, Sh 66,000, kulabu ya chuma yenye kufuli pamoja na kitanzi chake, Sh 24,000. Mita 12 si za kujaza bili. Kamba inazunguka shina juu ya kichwa cha aliyekaa, inakula fundo, inateremka mpaka ardhini na lazima ibaki kipande cha kufunga chini isipeperuke. Kwenye vitu hivi faida yetu ni ndogo mno. Riziki yetu iko kwenye kuchomelea. Tungetaka kumla mteja tungemla kwenye nondo, kwa kumwekea za milimita 10 badala ya 12 na kupaka rangi juu, asijue.

Neno linalofuata huwa ni hili: "Fundi, mimi nimekwea minazi tangu mtoto, leo unanifunga kamba kama ng'ombe?"

Tunalisikia kwa wazee na kwa vijana, na hatubishi kwamba wanajua kukwea. Mkoa huu una wakwezi hodari. Lakini angalieni mkwezi anavyofanya kazi. Anapanda mchana, shina likiwa kavu, mikono mitupu, panga kiunoni, na vidato anavijua kimoja kimoja. Akishaangua nazi zake anashuka mwili bado una moto. Mwindaji anapanda alfajiri haoni hata vidole vyake, umande uko kwenye vipago vya ngazi, amevaa buti zenye tope, ana mkoba mgongoni. Kisha anakaa saa tatu, nne, hajigeuzi, kwa sababu akijigeuza mnyama anamsikia. Akisimama kutaka kushuka miguu imekufa ganzi. Goti linakunjika lenyewe. Hapo ujuzi wa utotoni haumsaidii, maana aliyekwea minazi alikuwa na miguu yake na huyu kwa dakika ile hana.

Wenzetu wa Marekani, ambako kuwinda kulungu kutoka mtini ni jambo la kawaida, wamelijua hili kwa kuumia. Wengi wanaoanguka hawaanguki wakiwa wamekaa. Wanaanguka wakipanda, wakishuka, au pale wanapotoa mguu ngazini kuuweka kwenye jukwaa. Ndiyo maana siku hizi wanasisitiza mtu awe amefungwa tangu nyayo zikiwa bado ardhini mpaka zirudi ardhini. Mteja anayetuambia "niwekee mkanda wa kujifunga nikishakaa tu" anajilinda katika ile sehemu ya safari yenye hatari ndogo kuliko zote.

Kamba ya kutoka chini inafanya kazi hivi. Inaning'inia sambamba na ngazi. Juu yake kuna kitanzi cha kamba nyembamba kilichozungushwa kwa fundo la prusiki, na kwenye kitanzi hicho unanasa kulabu ya mkanda wako. Ukikisukuma kwa kiganja kinapanda nawe. Kikivutwa kwa ghafla kinabana palepale. Kitanzi lazima kiwe chembamba kuliko kamba kuu, vinginevyo hakibani, na hilo ndilo kosa tunaloliona kwa wanaojifungia wenyewe: wanakata kipande cha kamba ileile, wanazungusha, wanaona fundo linafanana na letu. Kufanana si kubana.

Mwaka jana tulifunga dungu kwenye mwembe mmoja huko Mwera, Pangani. Kijana wetu alikuwa amefika kipago cha mwisho, mkono mmoja umeshika tawi, akasukuma fungu la majani yaliyoshonwa pamoja. Mnajua ni nini. Majimoto, wale chungu wakali wanaoshona majani, wakamwagika shingoni na ndani ya shati. Hakuna binadamu anayeng'atwa na majimoto machoni akaendelea kushika ngazi; mikono yote miwili ilikwenda usoni. Aliteremka kama shibiri mbili, kitanzi kikabana, akaning'inia pale akijipangusa na kupiga kelele mpaka tukamsogezea ngazi miguuni. Jioni alikula ugali wake nyumbani. Mwenye shamba, aliyekuwa amegombea bei ya kamba asubuhi yote, alilipa bila neno jingine.

Sasa njia za mkato, maana ndizo zinazotuletea watu kwa mara ya pili.

Ya kwanza ni mkanda wa kiunoni, mara nyingi ule wa gari lililokwisha. Ukianguka, mkanda wa kiunoni unapanda mbavuni na kukaba pumzi, au unakupindua kichwa chini. Tuliitwa Maramba kumfungia dungu jipya bwana mmoja aliyewahi kuning'inia hivyo, amekunjika katikati, hawezi kupanda wala kushuka, hata sauti ya kuita haitoki. Mwenzake alikuwa karibu akambeba begani mpaka akapata pumzi. Bila mwenzake sijui tungekuwa tunaongea na nani. Mkanda wa mwili mzima unashika mabega, kifua na mapaja, na ukianguka unabaki wima. Hata hivyo kuning'inia nao muda mrefu bila kusogea ni hatari pia: damu inatuama miguuni na mtu anaweza kuzimia, wakati mwingine ndani ya dakika chache. Kwa hiyo kila mkanda tunaouza una utepe wa kukanyagia. Unauteremsha, unaingiza mguu, unajiinua kidogo, unachezesha miguu mpaka usaidiwe. Utepe huo upo mfuko wa kulia kila siku, si mkobani. Simu nayo ikae kifuani unapoifikia ukiwa unaning'inia.

Ya pili ni kamba ya katani, na hapa tunajua tunagusa moyo wa watu. Katani ndiyo iliyoijenga Tanga. Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliileta mwaka 1893, ikaota Kikokwe, Pangani, na tangu hapo babu zetu wameikata, wameianika na kuisokota. Mimi mwenyewe nafunga mizigo kwa katani na sitaki nyingine. Lakini mzee mmoja wa Korogwe alituletea kamba yake nene, nzuri kwa macho, akasema hii imevuta magogo, itashindwa mtu? Tuliiweka mezani tukafungua nyuzi zake kwa bisibisi. Nje ilikuwa ya rangi ya asali. Ndani ilikuwa ya kijivu, na tulipoipinda ikatoa vumbi mezani. Masika mawili ilikuwa imelala juu ya mti ikinyeshewa na kukauka. Katani inaoza kutoka ndani, na macho hayakuoneshi.

Tena hata ikiwa mpya, haivutiki. Mtu wa kilo 75 akianguka mita moja na kamba ikamsimamisha ndani ya sentimita 10, kamba na mwili vinabeba mshtuko wa kama kilo 800. Nailoni inanyooka, inaumeza mshtuko huo kwa sehemu kubwa. Ndiyo sababu pia tunakuzuia kuacha kamba imelegea ukiwa umekaa: kitanzi kiwe juu ya kichwa, kamba iwe karibu kukaza, ili ukiteleza usipate nafasi ya kuanguka. Mzee wa Korogwe aliondoka na kamba yake na akachukua na yetu. Ya kwake ameifunga mbuzi, na inamfaa.

Ya tatu ni vipande vya mpira wa tairi na misumari ya inchi sita. Sina mengi ya kusema. Mpira unapasuka kwa jua, msumari unakatika kwa kutu, na hewa ya bahari huku haingoji. Bolti zetu zimechovywa zinki kwa sababu upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka mashambani.

Watu hulalamika pia kwamba tunakataa miti yao. Ni kweli tunakataa, na tukishafika tukakataa, nauli tunaidai. Mkorosho una kivuli kizuri lakini matawi yake hukatika bila onyo. Mbuyu ni mnene, unatia moyo, ila ndani ni laini na umejaa maji, bolti haishiki. Msufi vivyo hivyo. Mti mkavu hatuugusi hata ukiwa wa mninga. Mkwaju ukiwa hai na umenyooka, huo tunaufunga tukiimba. Mwembe mkubwa usio na tundu nao unafaa. Tunagonga shina kwa nyundo kuanzia chini, tunasikiliza panapolia utupu, tunaangalia nyuki na kupukutika kwa unga wa mchwa. Mteja mmoja wa Mkinga alisema tunapiga ramli. Mti aliouchagua ulilia kama ngoma kuanzia usawa wa kifua.

Kuhusu urefu: kila mtu anataka juu zaidi. Mita nne mpaka tano zinatosha. Ukizidisha, unamwona mnyama mgongo tu, shabaha inakuwa nyembamba, na kila mita ya ziada ni mita ya kuanguka.

Bunduki haipandi na wewe. Hili halina mjadala karakanani kwetu. Inabaki chini, chemba tupu, risasi mfukoni mwako, imefungwa kwenye kamba ndogo ya kuvutia, mdomo ukielekea ardhini. Unapanda, unakaa, unahakikisha umefungwa, ndipo unaivuta. Kushuka ni hivyohivyo kinyume chake. Mkoba nao uvutwe. Mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, viwe ngazini wakati wote, na hilo haliwezekani ukiwa umebeba kitu.

Kabla mteja hajaondoka na mkanda, tunamning'iniza. Tuna boriti uani, nusu mita kutoka chini. Anavaa mkanda, tunamkazia mapaja mpaka viganja tu vipite, anaachia miguu. Wengine wanaona aibu mbele ya watu wa mtaani, wengine wanasema tunawapotezea muda. Lakini ndani ya dakika moja mtu anagundua utepe wa kukanyagia hajui uko wapi, au kulabu imefungwa kifuani badala ya mgongoni. Ni bora agundue hapo. Na kuna kitu kingine kinatokea ambacho hatukukipanga: akishaning'inia na mkanda ukambeba, sura inabadilika. Anaanza kuegemea nje, anageuka kushoto, anajaribu kunyoosha mikono kana kwamba analenga. Mtu anayeogopa kuanguka anakaa amebana magoti, mkono mmoja umekumbatia shina, na shabaha yake inatetemeka. Anayejua kamba inambeba anageuka upande wowote na kupiga kwa utulivu. Wawindaji wetu wa zamani wanasema hivyo wenyewe, na ndio wanaotuletea wapya.

Leseni tunaiomba mapema, tusilaumiane. Uwindaji unakwenda kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na ndani ya Hifadhi ya Saadani au Mkomazi hatufungi dungu la kuwindia kwa bei yoyote. Mkulima anayelinda mahindi dhidi ya nguruwe na nyani hatumdai leseni kwa dungu la kulindia. Akitaka kuua, amwone kwanza afisa wanyamapori wa wilaya.

Limebaki lalamiko la ukaguzi, kwamba tunalipisha mara mbili kwa kazi moja. Mti unanenepa, bwana. Mkanda wa kushikilia dungu uliofungwa shinani mwaka huu, mwaka ujao umezama kwenye gome na nyuzi zimevutika. Jua nalo linaifanya nailoni iwe ngumu na ipauke. Tukija tunalegeza mikanda yote, tunabadilisha iliyopauka, tunapima bolti, tunasugua kutu. Kamba au mkanda uliowahi kumdaka mtu tunaukata vipande mbele ya mwenyewe, hata uonekane mpya, na tunampunguzia bei ya mwingine. Ukaguzi ni Sh 30,000, na juu yake nauli ya pikipiki kutoka Ngamiani, mjini Tanga. Wenye madungu ya Pangani na Mkinga tunawapitia kabla ya masika, Februari, na tukienda siku moja kwa watu watatu wa upande mmoja, nauli wanagawana. Wanaotaka kuokoa hata hiyo, wafungue kamba na mikanda msimu ukiisha, waianike kivulini, na watuletee karakanani. Hapo tunaangalia bure.