Mitambo ya upepo na mvua ya Marsabit

Mhariri,

Huku kaskazini mwa Kenya nimesikia wafugaji wakiuliza kama mapangaboi yale ya kufua umeme ya Loiyangalani ndiyo yanayofukuza mvua. Swali hilo lisichekwe, lijibiwe.

Mtambo wa upepo hupunguza kasi ya upepo na kuvuruga hewa. Usiku, ardhi ikishapoa, hewa baridi hulala chini na yenye joto hukaa juu yake. Mapangaboi yakizunguka huzichanganya, na joto hushuka hadi chini. Mwaka 2012 watafiti waliotumia vipimo vya setilaiti walionyesha jambo hilo katika jimbo la Texas. Mwaka 2018, Lee Miller na David Keith wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria kwamba Marekani ikipata umeme wake wote kwa upepo, joto la nchi kavu huko litapanda kwa nyuzi 0.24 hivi. Si dogo, ila halifanani na hewa ya ukaa: mitambo ikisimama, athari yake huisha, ilhali ukaa hubaki angani karne na karne.

Loiyangalani ina mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310, katika upepo mkubwa unaopenya kati ya nyanda za juu za Ethiopia na Kenya. Kuibebesha lawama ya ukame wa kaunti nzima ni kuionea. Lakini joto la usiku lipimwe, karibu na mitambo na mbali nayo, na matokeo yasomwe kwenye baraza la chifu, mbele ya wafugaji wenyewe.

Msomaji wako,
Marsabit